Dhamana ya Kununua: Nani Anayedhaminiwa?



Mwaka uliopita, usiku baada ya Isha, simu ililia nyumbani kwa shangazi yangu hapa Mombasa. Alikuwa ni mwanawe mdogo anayekaa Marekani. Huko kwao ilikuwa bado mchana, naye alikuwa amekaa katika ofisi ya muuza motokaa, bei wamekwisha kubaliana, kalamu iko mkononi, ila ametakiwa atie sahihi karatasi moja zaidi. Karatasi hiyo ilikuwa ya dola 3,400. Aliambiwa kuwa akiilipia, gari lake litakuwa na dhamana kwa miaka mingine baada ya ile ya kiwandani kumalizika. Na asipoilipia, basi siku giaboksi itakapokufa atajua mwenyewe la kufanya. Kijana akataka shauri la mamake. Mamake, ambaye maisha yake hajaendesha hata baiskeli, akanipa mimi simu.

Nilimwambia asitie sahihi. Naandika makala haya kueleza kwa nini, kwa sababu najua suali hili linaulizwa katika nyumba nyingi za pwani yetu, kwa wale wenye watoto Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba, na hata kwa sisi tulio hapa ambao tunaahidiwa mambo ya namna hii katika yadi za magari. Najua pia kuwa watakuwako watakaonikasirikia, kwani aliyekwisha kulipa hapendi kuambiwa kuwa amelipa bure.

Kwanza tufahamiane juu ya jina. Katika lugha yetu dhamana si neno la mchezo. Mtu akikudhamini amesimama mahali pako. Ukishindwa wewe, deni ni lake. Dhamana ya kiwandani ina maana hiyo. Mwenye kutengeneza gari anasema: kitu changu ni kizima, na kikiharibika kabla ya muda huu, nitakitengeneza kwa mali yangu. Ahadi yake imo ndani ya bei, hukulipishwa mbali. Ama hii ya kununua ni kitu kingine kabisa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, imevitenga vitu hivi viwili: dhamana ni ile inayokuja pamoja na kitu ulichonunua, na kile unacholipia mbali kinaitwa mkataba wa huduma. Wauzaji wanaijua tofauti hii vyema, lakini mdomoni hawalitaji jina la pili. Ukimwambia mtu "dhamana" moyo wake hutulia. Ukimwambia "mkataba wa huduma" atauliza huduma gani, atapewa na nani, na kwa sharti zipi. Na maswali hayo ndiyo yasiyotakiwa.

Tena anayekuuzia, mara nyingi, siye atakayekulipa. Muuza gari huchukua fungu lake siku ile ile. Nyuma yake ipo kampuni nyingine inayosimamia madai, na nyuma ya hiyo huwa ipo kampuni ya bima iliyobeba fedha. Siku gari litakapokufa, yule aliyekutabasamia na kukuletea kahawa atakupa namba ya simu, na kwenye simu hiyo utazungumza na mtu asiyekujua wala hajapata kuliona gari lako, ambaye kazi aliyoajiriwa ni kusoma karatasi uliyotia sahihi bila ya kuisoma.

Nina haki ya kulisema hili kwa sababu limekwisha tufika nyumbani. Kaka yake yule kijana, ambaye ndiye aliyetangulia kwenda huko, mwaka 2017 alinunua gari kubwa la fahari, la Kizungu, lililokwisha tembea maili 60,000. Jina lake silitaji, wala la aliyemuuzia. Lilikuwa gari ambalo likisimama mbele ya nyumba, majirani huuliza mwenyewe anafanya kazi gani. Akauziwa na karatasi ya dola 3,000, ikapachikwa ndani ya mkopo ule ule wa gari, hata asihisi kuwa ameilipia. Mwaka wa tatu giaboksi ikaanza kugonga kila inapobadilisha gia, na asubuhi moja gari likakataa kurudi nyuma. Fundi akaandika dola 5,600. Yeye akacheka, akasema, "Mimi nina dhamana."

Kampuni ikamtaka atoe risiti za oili zote tangu siku aliyolinunua gari. Sasa huyu ni mtoto wa fundi. Babake, Mungu amrehemu, alikuwa na gereji, na tangu utotoni mtoto huyu alikuwa akishinda chini ya magari. Oili alikuwa akibadilisha mwenyewe, uani kwake, kwa uangalifu kuliko vijana wa gereji. Risiti za makopo ya oili zilizopatikana zilikuwa tano, mbili zimepotea. Jawabu likaja kwa barua ya mistari minne: gari halikutunzwa kama mkataba unavyotaka, kwa hiyo madai yamekataliwa. Akapiga simu, akaandika, akapeleka picha. Akaambiwa, haya, na aifungue giaboksi kwa gharama zake ili mkaguzi aje aitazame; na ikionekana kilichoharibika hakimo katika orodha, gharama ya kuifungua ni juu yake.

Miezi minne gari lilikaa. Na miezi minne hiyo zile dola 250 ambazo shangazi akizipata kila mwezi hazikuja. Hakuambiwa sababu, aliambiwa tu kazi imepungua. Ada ya shule ya binti yake wa mwisho ilikuwa imefika, naye akauza bangili zake mbili, zile alizovishwa siku ya harusi yake. Nilizipeleka mimi kwa sonara, ndiyo maana naujua uzito wake.

Huenda ukaniambia kuwa kisa cha mtu mmoja si hoja. Ni kweli. Basi sikiliza cha wengi. Huko Marekani lipo jarida liitwalo Consumer Reports ambalo halichukui matangazo ya biashara, na kazi yake ni kupima vitu vinavyouzwa. Mwaka 2014 lilitoa matokeo ya kuwauliza watu zaidi ya 12,000 waliozinunua dhamana hizi za magari. Katika kila watu 100, 55 hawakuitumia hata mara moja. Bei ya kati iliyolipwa ilikuwa dola 1,200 na kitu. Na wale walioitumia, ambao wewe na mimi tungewaita wenye bahati, walichookoa katika matengenezo kilikuwa dola 837. Hesabu mwenyewe. Aliyefaidika amepata khasara ya zaidi ya dola 350, na aliyekosa amepoteza zote. Bei za siku hizi zimepanda juu ya hizo, lakini mpango wa biashara yenyewe ni ule ule.

Wala haiwezi kuwa vingine, na hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu wengi hulitazama jambo hili kama bahati nasibu, pengine utapata, pengine utakosa. Chukua mfano. Watu 100 wanalipa dola 3,000 kila mmoja. Zimekusanyika dola 300,000. Muuza gari atoe udalali wake humo. Kampuni ya madai ilipe makarani na pango la ofisi humo. Kampuni ya bima itoe faida yake humo. Matangazo ya televisheni yalipwe humo humo. Kitakachobaki ndicho cha kutengenezea magari ya hao watu 100. Kwa hiyo hata kila mtu akiwa mwaminifu na kila dai likilipwa bila ya ugomvi, watu hawa wakijumlishwa pamoja lazima walipe zaidi ya wanachopata. Huo si wizi, ni hesabu. Wizi unaanza pale mtu anapoambiwa kuwa anaokoa pesa.

Unataka kujua udalali huo unaweza kufika wapi? Huko Uingereza kuna bima nyingine inayouzwa juu ya meza ile ile ya kununulia gari, ya kufidia tafauti ya bei gari likiibiwa au likiharibika lote. Mwezi wa Februari 2024, mamlaka ya Uingereza inayosimamia mambo ya fedha ilisema kuwa katika kila pauni 100 walizolipa wateja wa bima hiyo, pauni 6 tu ndizo zilizorudi kwao kwa madai, na kwamba baadhi ya kampuni zilikuwa zikitoa hata asilimia 70 ya malipo kuwa kamisheni kwa wauzaji. Makampuni kadhaa yakakubali kusimamisha biashara hiyo kwa muda. Hiyo ni bima ya tafauti ya bei, si ya injini, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini sasa unajua kwa nini kahawa ile ni ya bure.

Na hao ni wale wenye ofisi na leseni. Chini yao kuna kundi jingine. Aliye na jamaa Marekani amewahi kusikia habari za zile simu zinazopiga zenyewe, sauti ya kurekodi ikikwambia dhamana ya gari lako inakwisha, hata kama huna gari. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iligundua kuwa kundi moja la watu lilipiga simu za namna hiyo zaidi ya bilioni 5 katika muda wa miezi mitatu tu ya mwaka 2021, kwa namba zaidi ya milioni 500. Mwezi wa Agosti 2023 likatozwa faini inayokaribia dola milioni 300. Kabla ya hapo, kampuni ya US Fidelis ya jimbo la Missouri, iliyokuwa kubwa katika biashara hii, ilifilisika mwaka 2010, na ndugu wawili wenye kampuni wakahukumiwa mahakamani. Na mwezi wa Julai 2024 kampuni ya CarShield, ambayo watu mashuhuri walikuwa wakiitangaza katika televisheni, ilikubali pamoja na kampuni inayosimamia mikataba yake kulipa dola milioni 10, baada ya serikali kuishitaki kuwa matangazo yake yaliahidi yasiyokuwemo katika mkataba. Mtu mzima hujiuliza: kitu kizuri kinahitaji kuuzwa kwa simu bilioni 5?

Sasa nije kwa mwenye hoja ya nguvu, maana yupo, na nimekwisha bishana naye barazani. Yeye husema: "Haya yote ni kweli kwa gari dogo. Lakini gari la bei kubwa ni jambo jingine. Spea zake ni ghali, fundi wake ni ghali, kompyuta moja tu ndani yake ni bei ya gari la mtu mwingine. Huyo ndiye anayehitaji dhamana."

Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami sitaki kuikwepa. Hebu tuitazame. Gari la fahari likiwa jipya bei yake tuseme dola 90,000. Baada ya miaka saba linauzwa dola 25,000, na hapo ndipo watu wetu wanapoliona na kulipenda. Lakini bei ya gari ndiyo iliyoshuka. Bei ya spea haikushuka. Zile shokapu zake za upepo, ile giaboksi ya gia nane, zile taa zenye mota ndani yake, zote hutengenezwa kwa bei ya gari la dola 90,000. Kwa hiyo mtu amenunua kwa mfuko wa dola 25,000 kitu kinacholishwa kwa mfuko wa 90,000. Anajua hivyo ndani ya moyo wake. Na ndiyo maana anapoonyeshwa ile karatasi mkono wake hutetemeka na kutia sahihi.

Lakini je, unafikiri aliyeiandika karatasi hajui unachokijua wewe? Anakijua kwa hesabu za magari maelfu. Ndiyo maana bei ya mkataba wa gari la namna hiyo ni mara mbili au mara tatu ya gari la kawaida, na ndiyo maana orodha ya visivyolipwa ni ndefu kuliko ya vinavyolipwa. Soma karatasi yoyote ya namna hii kwa utulivu. Breki, klachi, matairi, betri, mipira na mabomba huwa nje. Kilichochakaa kwa kutumika huwa nje, na niambie, katika gari la miaka minane ni kitu gani kisichochakaa kwa kutumika? Ubovu uliokuwako kabla ya kununua uko nje, na ni wao watakaoamua ulianza lini. Saa za fundi zina bei yao waliyoiweka wao, fundi akitaka zaidi ongeza wewe. Na mara nyingi jumla ya wanachoweza kulipa haipiti thamani ya gari lenyewe siku hiyo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikishuka siku zote wakati wewe unalipa.

Kuna hila nyingine ndogo inayowapita wengi. Unaambiwa ni dhamana ya miaka mitano. Lakini miaka hiyo mara nyingi huhesabiwa tangu siku ya kununua, na gari likiwa jipya miaka mitatu ya mwanzo imekwisha dhaminiwa na kiwanda. Kwa hiyo umelipia mitano ukapata miwili. Ni kama mtu aliyekodi chumba katika nyumba yake mwenyewe.

Na ikitiwa ndani ya mkopo? Tuchukue dola 3,000 kwa miaka sita kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Kila mwezi atatoa dola 54, na mpaka mwisho atakuwa ametoa karibu dola 3,900. Ile ziada ya 900 haikuongeza hata msumari mmoja katika gari. Mwislamu anayekimbia riba katika nyumba na katika duka, anaiingia kwa mlango huu mdogo bila ya kuhisi, kwa sababu muuzaji hakumwambia "riba," alimwambia "ni dola 54 tu kwa mwezi."

Kwa kuwa nimegusa hapo, nitasema neno moja na kupita, kwani si kazi yangu kutoa fatwa, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Fiqhi yetu imekataza biashara ya gharari, yaani kuuza jambo lisilojulikana litapatikana au halitapatikana, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana mfano wa samaki anayeuzwa naye bado yumo baharini. Mwezi wa Disemba 1985, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah, liliamua kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa yenye kuuharibu mkataba, na likaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana, ambayo watu huchangia kwa nia ya kusaidiana. Dhamana ya kiwandani imo ndani ya bei ya kitu, wengi hawaoni tabu nayo. Lakini hii inayonunuliwa peke yake, kwa thamani maalumu, dhidi ya ubovu unaoweza kutokea na usitokee, inafanana sana na ile bima iliyozungumzwa Jeddah. Mimi nimeona nikukumbushe tu.

Nisije nikadhulumu. Yako mahali ambapo karatasi hii ina maana. Ikiwa anayeitoa ni mtengenezaji wa gari mwenyewe, na itaheshimiwa katika gereji zake. Ikiwa gari lina historia ya matatizo makubwa na wewe kwa sababu zako umeamua kulishika miaka mingi. Ikiwa bei umeibishania na umelipa taslimu. Na ikiwa umeisoma karatasi yote na unajua kuwa unanunua usingizi wa usiku wala huokoi pesa, basi ni mali yako, nunua usingizi. Nimemjua daktari mmoja aliyefanya hivyo, na hajutii. Lakini yeye alikuwa na uwezo wa kulipa giaboksi bila ya karatasi hiyo, na hilo ndilo jambo la ajabu katika biashara hii, kwamba anayeweza kuinunua bila ya kuumia ni yule asiyeihitaji. Ama yule ambaye dola 5,600 zingemvunja nyumba yake, dawa yake haikuwa karatasi. Dawa yake ilikuwa gari jingine. Usiyeweza kulitengeneza hukuweza kulinunua. Na huko Uingereza, tangu mwaka 2021, Toyota inatoa dhamana ya mwaka mmoja kila gari linapofanyiwa sevisi katika gereji zake, mpaka gari lifike miaka kumi au maili 100,000, bila ya kulipisha karatasi mbali na sevisi yenyewe. Sisemi hivi kuwatangazia biashara. Nasema ili ujue kuwa aliye na imani na kazi yake anaweza kuahidi bila ya kuomba dola 3,400.

Na sisi tulio hapa? Magari mengi yanayoshuka bandari ya Mombasa ni mitumba ya Japani, na Kenya hairuhusu yaliyopita miaka minane. Dhamana ya kiwanda, kwa kawaida, ilibaki huko huko. Baadhi ya yadi humwahidi mnunuzi dhamana ya injini na giaboksi kwa miezi michache, na wengine sasa wanataka malipo juu yake. Kabla hujatoa shilingi, kumbuka kuwa Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekwisha dhamini kuwa kitu alichokuuzia kina ubora unaostahiki kuuzwa. Hiyo ni haki yako bila ya malipo. Usikubali kuuziwa haki yako. Ahadi ya mdomo iandikwe juu ya risiti, kwa tarehe na kwa jina la yadi. Na zile pesa ambazo ungeilipia karatasi, mpe sehemu ndogo fundi unayemwamini alilale gari chini, alipime, aliendeshe mpaka Mtwapa na kurudi likiwa moto, kabla hujatoa pesa zako. Jicho la fundi kabla ya kununua lina faida kuliko karatasi baada ya kununua. Watu wetu huona haya kuomba jambo hili mbele ya mwenye yadi. Sijui haya hiyo imetoka wapi, wakati tukinunua nazi sokoni tunaitikisa kila moja.

Nirudi kwa yule kijana kwenye simu. Nilimwambia amwambie muuzaji kuwa hataki, kisha ainuke. Simu ilikuwa wazi, tukisikia yote, mimi na mamake. Muuzaji akasema angoje kidogo, akaenda kuzungumza na mkubwa wake, akarudi na dola 2,600. Kijana akachukua funguo zake. Ikawa 1,900. Shangazi, ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabia tu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona kitu hicho hupungua kila mtu akisimama?"

Alitoka bila ya kuinunua. Tulikubaliana naye usiku ule kuwa kila mwezi, pamoja na pesa za nyumbani, atatuma dola 60 mbali, ziwe amana kwa mamake, kibubu cha gari, zisiguswe kwa harusi wala kwa Idi. Mpaka naandika haya kibubu kimefunguliwa mara moja, dola 410, za betri na breki za mbele, vitu ambavyo karatasi ile isingevilipa. Zilizobaki shangazi huzihesabu mwenyewe kila Ijumaa, na juzi aliniuliza zikifika kiasi gani gari hilo litahesabiwa kuwa limekwisha jidhamini.